Si kila anayetetemeka ana Parkinson: mambo ya kuchunguza nyumbani kabla hujampeleka mzee kliniki

Baba alianguka mara ya kwanza akifungua mlango wa jikoni, nyumbani kwetu karibu na Muhoroni. Aliuvuta mlango, akarudi nyuma hatua moja, akaenda chini chali kama gogo, bila hata kunyoosha mkono kujizuia. Ilikuwa miezi minne tu tangu aanze kutembea polepole. Kliniki moja ilikuwa imeshamwambia ana Parkinson, na mimi, muuguzi wa miaka mingi, nikakubali. Tukaongeza dawa, kisha tukaongeza tena. Miaka miwili ilipita ndipo daktari mmoja akamwambia, "Mzee, niangalie mimi. Haya, sasa tazama viatu vyako." Macho ya baba yalikataa kushuka.

Hakuwa na Parkinson. Alikuwa na ndugu yake mkali, ambaye madaktari humwandika kwa herufi tatu, PSP.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi na mzee wa namna hiyo, uwe Kondele, Bondo, Kakamega au Nakuru mjini. Daktari atamwona kwa dakika kumi. Wewe unamwona akila, akigeuka kitandani, akipapasa ukuta usiku kwenda chooni. Katika kliniki zetu hakuna kipimo cha damu cha kusema hii ni Parkinson na hii siyo, na picha ya CT mara nyingi hutoka safi hata mgonjwa akiwa taabani. Magonjwa haya hutenganishwa kwa maelezo: kilianza nini, lini, upande upi, na kimeendaje tangu hapo. Maelezo hayo yako nyumbani kwako. Jina la ugonjwa atalitoa daktari. Wewe mpelekee habari kamili. Tafuta daftari na simu inayopiga video.

Kwanza tuelewane

Mwaka 1817 daktari wa London aitwaye James Parkinson alieleza habari za watu waliotetemeka mikono ikiwa imetulia, wakainama, wakatembea kwa hatua fupi za haraka kama wanaokimbiza miili yao isianguke. Ugonjwa ukabaki na jina lake. Chanzo ni kufa kwa seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo hutumia kuuendesha mwili kwa wepesi.

Ila njia hiyo ya dopamini inaweza kuharibiwa na mambo mengine pia. Dawa zinaweza kuiziba. Viharusi vidogo vinaweza kuikata. Kuna magonjwa mengine ya ubongo yanayoila pamoja na sehemu za jirani. Mgonjwa akifika kliniki, wote hao wanafanana kwa mbali: mwili mzito, misuli imekaza, uso umeganda, hatua fupi. Ndiyo maana "Parkinson" huandikwa haraka hivyo.

Hatua ya 1: Tenganisha kutetemeka na uzito wa mwili

Watu wengi huja na neno moja tu: anatetemeka. Kutetemeka peke yake hakutoshi, na wapo wagonjwa wa Parkinson wasiotetemeka kabisa.

Mketishe mzee kitini, mikono ipumzike juu ya mapaja. Mwambie ataje miezi kuanzia Desemba kurudi Januari. Akili ikishughulika, mkono wa mwenye Parkinson huanza kucheza wenyewe, mara nyingi mmoja tu, kidole gumba kikisugua cha shahada kama mtu anayepukuchua mahindi. Sasa mpe kikombe cha chai kilichojaa nusu. Mkono wa Parkinson ukishika kazi kwa kawaida hutulia kidogo. Mkono uliokuwa kimya mapajani kisha ukamwaga chai njiani kwenda mdomoni, tena mikono yote miwili, unasema jambo jingine: huenda ni ule mtetemeko unaotembea katika ukoo. Uliza kama mama yake au kaka yake alikuwa hivyo, kama kichwa hutikisika kama anayekataa jambo, kama sauti ina mawimbi. Mtetemeko huo unaweza kukaa na mtu miaka ishirini bila kumwondolea mwendo wake, na dawa zake ni nyingine kabisa.

Mwandikishe sentensi moja, ileile, mara tano kwenye karatasi isiyo na mistari. Katika Parkinson herufi huendelea kupungua hadi mwisho wa mstari zinakuwa kama siafu. Katika mtetemeko wa ukoo herufi huwa kubwa zenye meno ya msumeno. Tia tarehe, ibandike kwenye daftari.

Kisha upime uzito wenyewe. Agonganishe kidole gumba na cha shahada, akivifungua kwa upana wote, haraka, mara ishirini, mkono mmoja baada ya mwingine, wewe unapiga video. Mwenye Parkinson huanza vizuri, halafu upana unapungua, mwendo unalegea, kama tochi inayoishiwa betri. Mwenye PSP mara nyingi huanza na upana mdogo tangu mara ya kwanza na kubaki hapohapo. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho yetu, lakini daktari anayejua akiiona kwenye simu yako ataketi vizuri kitini.

Asipokuwa na uzito wowote, basi huenda hayumo katika jamii hii ya magonjwa. Anayetetemeka mikono yote haraka haraka, anakonda, anasikia joto na moyo unakwenda mbio, apimwe tezi ya koo kwanza.

Hatua ya 2: Mwaga dawa zote mezani

Nakuomba hatua hii usiiruke hata kama umechoka, kwa sababu ndiyo inayoweza kumrudisha mtu kabisa.

Nilimtembelea mama mmoja Nyalenda, miaka sitini na kitu, aliyekuwa ameacha kupika. Alikaa kwenye kochi uso umenyamaza, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo, mikono yote miwili ikitikisika sawasawa. Binti yake alikuwa ameshaambiwa ni Parkinson na anachanga pesa za dawa. Nikamwambia, "Dada, niletee kila dawa iliyomo humu ndani, hata ya kwenye mkoba." Akaleta mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na karatasi nane za Plasil, nyingine tupu, nyingine nusu. Mama alikuwa na vidonda vya tumbo, na kila alipohisi kichefuchefu alinunua Plasil duka la dawa lililokuwa karibu, miezi minane mfululizo. Daktari aliisimamisha. Mwezi wa kwanza hatukuona kitu, binti akaanza kukata tamaa. Mwezi wa tatu nilimkuta mama anasonga ugali.

Dawa hizi huziba mahali dopamini inapofanyia kazi. Za kutafuta kwa makini ni Plasil, ambayo ni metoklopramidi. Stemetil ya kizunguzungu na kutapika. Sinarizini, ambayo hupewa sana watu wa kizunguzungu na huuzwa pia kwa jina la Stugeron. Dawa za akili kama haloperidoli na Largactil. Sindano ya Modecate inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa, ambayo familia husahau kuitaja kwa sababu si kidonge. Na valproeti ya kifafa, ambayo haizibi mahali hapo lakini nayo inaweza kuleta hali hiihii. Kwenye pakiti majina yameandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu, piga picha kila pakiti. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walisema metoklopramidi isitumike zaidi ya siku tano mfululizo. Sisi tunainunua kama peremende.

Dalili zinazoelekeza kwenye dawa ni hizi: mikono yote miwili iliugua pamoja, hali ilianza wiki au miezi kadhaa baada ya dawa kuanza, na pengine mdomo au ulimi unachezacheza wenyewe kama mtu anayetafuna. Mkanganyiko huja pale Parkinson iliyokuwa imejificha inapoamshwa na dawa. Mtu huyo akiacha dawa atapata nafuu kidogo tu, au ugonjwa utarudi baadaye.

Angalizo ambalo nalisema kwa uzito wote: dawa ya akili au ya kifafa usimkatize mgonjwa wewe mwenyewe. Mtu wa dawa za akili akiachishwa ghafla anaweza kurudiwa na ugonjwa wake vibaya sana, na wa kifafa anaweza kupata degedege lisilokatika. Mrudishe kwa aliyemwandikia, useme ulichokiona, na abadilishiwe taratibu. Nafuu huchukua wiki, mara nyingi miezi, kwa wengine hata zaidi ya nusu mwaka.

Ukikuta pia Artane, ambayo ni benzheksoli, uliza kama bado anaihitaji. Kwa kijana inaweza kusaidia kutetemeka. Kwa mzee huleta kuchanganyikiwa, kinywa kikavu, kufunga choo na mkojo kugoma, halafu familia huja kusema ugonjwa umepanda kichwani.

Hatua ya 3: Andika tarehe na upande

Kaa na watu wa nyumbani, hasa mke au mume wake, mwulize kitu cha kwanza kabisa kilichobadilika. Usikubali jibu la "ni uzee." Funga kumbukumbu kwenye matukio: kabla au baada ya mazishi ya nani, kabla au baada ya uchaguzi, wakati wa kupanda au wa kuvuna.

Parkinson yenyewe huanza upande mmoja na upande huo hubaki mbele miaka yote. Mkono mmoja huacha kuyumba akitembea, au ndala ya mguu mmoja hubaki nyuma, au bega moja huuma hadi atibiwe baridi yabisi. Huenda polepole. Mtu anaweza kufika mwaka wa tano bado anajiendea sokoni. Aliyeanza kutembea polepole na ndani ya miaka mitatu, minne yuko kwenye kiti cha magurudumu, yule jina la Parkinson halimtoshi, litiliwe shaka.

Kuna vitu vitatu vinavyotangulia Parkinson kwa miaka, na hakuna anayevitaja kliniki asipoulizwa. Cha kwanza ni pua. Kaanga omena, uliza kama ameisikia harufu akiwa sebuleni. Wenye Parkinson wengi wamepoteza harufu muda mrefu. Wenye PSP kwa kawaida bado wanayo. Cha pili ni kufunga choo. Cha tatu ni ndoto za vita: mzee anapiga mateke usingizini, anapiga kelele, anaruka kitandani akimkimbiza mwizi wa ndotoni. Nimekuta mama aliyehamia chumba cha wajukuu miaka sita nyuma kwa sababu ya ngumi za usiku, na ukoo mzima ukiamini mzee ana majini. Ndoto hizo huonekana katika Parkinson na katika magonjwa mawili mengine nitakayoyataja mbele. Katika PSP ni nadra.

Halafu kuna aliyeugua kuanzia kiunoni kwenda chini. Mikono yake iko sawa, uso unacheka, anapunga mikono akiongea, lakini miguu imeachana kwa upana na inaburura kama mtu anayevuka shamba la mpunga la Ahero lenye matope. Ana presha ya miaka mingi, labda na sukari. Ukichora hali yake kwenye daftari inashuka kwa ngazi: alikuwa hivi, ghafla akawa vile, akakaa hapo, akashuka tena. Huyo fikiria viharusi vidogo. Dawa za Parkinson humsaidia kidogo au hazimsaidii. Kinachomlinda ni kushika presha na sukari vizuri ili ngazi inayofuata isije.

Hatua ya 4: Hesabu maanguko, kisha tazama macho

Hapa ndipo tulipokosea kwa baba, kwa hiyo vumilia nikae kidogo.

Mwenye Parkinson huanguka, lakini kwa kawaida ni baada ya miaka mingi. Kuanguka mapema, ndani ya mwaka wa kwanza hadi wa tatu, tena kuanguka chali bila kujikwaa, ni kengele ya PSP. Baba alianguka mlangoni, akaanguka akijaribu kuketi, akaanguka akigeuka kumjibu mtu. Kuketi kwake kulikuwa kujirusha: alijitupa kitini kwa uzito wote hadi kiti kikagonga ukuta. Tulimgombeza. Tulimwambia, "Mzee, angalia unakokwenda." Mtu hawezi kuangalia chini macho yakishagoma, na hakujua kutueleza kwamba yamegoma.

Ishara zilikuwepo mezani kila siku. Alikuwa akitazama ukuta wa mbele huku mkono ukiitafuta sahani kwa kupapasa. Mboga ilimwagika upande uleule wa shati. Aliacha kusoma Biblia akasema miwani imezeeka. Tukamnunulia miwani mipya. Akishuka kwenye matatu alisita ngazini kama mtoto, kwa sababu hakuiona ngazi.

Fanya hivi. Keti mbele yake, mwombe asitikise kichwa, afuate kidole chako kwa macho: kulia, kushoto, juu, chini. Tazama sana cha chini, na tazama kasi. Mwanzoni mwa PSP macho bado hufika chini ila kwa uvivu, baadaye hayafiki. Uso nao huonekana kama wa mtu aliyeshtuka, nyusi zimeinuka, kope hazipepesi. Sauti huwa nzito ya kukwaruza, wakati ya Parkinson huwa ndogo, laini, ya chini. Shingo hukaza kuliko mikono. Kuna na hili la makofi: mwambie apige makofi matatu tu. Wenye PSP wengi hushindwa kusimama kwenye la tatu, wanaendelea manne, matano. Magonjwa mengine ya ubongo hufanya hivyo pia, kwa hiyo usilitegemee peke yake, ila liandike.

Kipimo cha kumvuta mgonjwa mabega kwa nyuma kuona kama atajishika, mwachie daktari. Usikifanye nyumbani. Nimeona nyonga ikivunjika.

Picha ya MRI inaweza kusaidia hapa. Katika PSP sehemu ya juu ya shina la ubongo hunywea, na ikitazamwa kwa ubavu inachora umbo la ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, kama yule ndege aitwaye chozi. Lakini gharama yake ni kubwa, na macho na maanguko husema mapema kuliko picha.

Katika jirani ya PSP kuna ugonjwa wa mkono mmoja uliokaza kama fimbo, unaoruka ruka, na ambao mwenyewe anasema si wake: unashika vitu bila kutumwa, au umesahau jinsi ya kufunga kifungo ingawa nguvu ipo. Ni nadra. Ukiuona hautausahau, piga video.

Hatua ya 5: Pima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama

Wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa vifaa mwaka 2023, mashine ya presha ikiwemo. Mwombe wa kijijini kwako aje asubuhi. Mzee alale chali dakika tano, apimwe. Asimame, mtu amshike, apimwe baada ya dakika moja na tena baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ziandike namba zote.

Kushuka huko kukija mapema, pamoja na mkojo kumtoka bila habari au kugoma, nguvu za kiume kupotea miaka ya karibuni, na mwendo wa kupepesuka kama mlevi ilhali hanywi, daktari afikirie MSA, ndugu mwingine mkali wa Parkinson. Ugonjwa huu huwashika watu wa miaka ya hamsini kwa wingi, na ni mmoja wa yale mawili ya ndoto za vita. Mikono huwa baridi na ya zambarau, shingo huinama mbele hadi kidevu kigusane na kifua. Sikiliza usiku: akivuta hewa kwa mlio mwembamba mkali, ambao si kukoroma mlikokuzoea, mpeleke hospitali usingoje siku ya kliniki. Njia ya hewa kooni inajifunga.

Usisahau kwamba dawa za presha zenyewe, na hata dawa ya Parkinson, hushusha presha ya kusimama. Ndiyo sababu nyingine ya kubeba pakiti zote.

Hatua ya 6: Uliza habari za akili bila aibu

Swali la kuandika jibu lake ni hili: kilitangulia nini, mwili au akili? Mtu aliyekaa na Parkinson miaka kumi akaanza kusahau ni njia moja. Mtu aliyeanza kuchanganyikiwa kabla ya mwili kuwa mzito, au ndani ya mwaka uleule, ni njia nyingine: huenda ni demenshia ya chembe za Lewy, ule ugonjwa wa pili wa ndoto za vita. Huyo huona watu wasiokuwepo, kwa uwazi kabisa. Watoto wameketi pembeni mwa kitanda, mbwa amelala mlangoni. Mara nyingi haogopi. Anawaambia wakaribishwe chai. Leo yuko macho anajadili siasa, kesho anasinzia kutwa na hajui mwanawe. Nimeona wazee wa namna hiyo wakipewa dawa za malaria kila mwezi bila kupimwa, kwa sababu ya siku zile za kusinzia.

Kwa mgonjwa huyu haloperidoli ni hatari kubwa. Kipimo kidogo tu kinaweza kumkakamaza mwili mzima, kumwondolea fahamu, hata kumuua. Ndiyo dawa inayochukuliwa haraka wodini usiku mzee akianza kupiga kelele. Andika kwenye jalada la daftari kwa kalamu nyekundu: ASIPEWE HALOPERIDOLI WALA PLASIL. Kwa kweli maandishi hayo yanamfaa kila mgonjwa wa jamii hii.

Mwenye mambo matatu pamoja, miguu iliyonata sakafuni kana kwamba kuna sumaku, mkojo usiozuilika na kusahau, apigwe picha ya CT. Wengine wamejaa maji katika vyumba vya ubongo, na mpira mwembamba wa kuyatoa, ukiwekwa mapema na daktari wa upasuaji wa ubongo, huweza kuwarudisha kwenye miguu yao. CT hiyohiyo itaonyesha damu iliyotanda pembeni mwa ubongo wiki kadhaa baada ya kuanguka. Na hiyo nayo inatibika.

Hatua ya 7: Akiwa chini ya miaka hamsini, rudi nyuma

Parkinson ya ujana ipo, mara nyingine ya kurithi, lakini kijana asipewe jina hilo kabla mengine hayajaondolewa. Apimwe ini na shaba mwilini, na daktari wa macho atafute pete ya rangi ya kahawia au kijani kuzunguka mboni: ugonjwa wa Wilson unatibika, ukichelewa unaharibu. Apimwe HIV: virusi vyenyewe, au maambukizi yanayopenya ubongoni kinga ikishuka, vinaweza kuleta sura hiihii. Uliza kama aliwahi kunusurika pombe iliyotiwa methanoli, au kuokolewa katika nyumba iliyofungwa yenye jiko la makaa. Sumu hizo mbili huchoma sehemu ya ubongo inayotawala mwendo, na ya makaa inaweza kuonyesha madhara wiki kadhaa baada ya mtu kuonekana amepona.

Hatua ya 8: Dawa yenyewe ni kipimo

Daktari akiona inafaa ataanzisha levodopa iliyochanganywa na kabidopa, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Jibu la mwili kwa dawa hii ni ushahidi mkubwa kuliko picha nyingi. Ila jaribio lifanywe sawasawa: kipimo kikipandishwa taratibu, mara nyingi hadi kufikia miligramu 1000 za levodopa kwa siku kama mgonjwa anavumilia, kwa mwezi mmoja au zaidi. Vidonge viwili vitatu vya kuonja havithibitishi kitu. Ameze nusu saa kabla ya kula au saa moja baadaye, kwa sababu nyama, maharagwe, maziwa na omena hushindana na dawa hiyo kuingia mwilini. Nimeona dawa ikiitwa mbovu kumbe inamezwa na bakuli la maharagwe.

Piga video ya kutembea na vidole kabla ya kumeza, na tena saa moja baadaye, kiti kilekile, mwanga uleule. Mwenye Parkinson atabadilika hadi watoto waone. Mwenye MSA anaweza kupata nafuu kiasi, kisha ikapotea. Mwenye PSP au viharusi mara nyingi habadiliki. Na isiposaidia, isikatwe ghafla. Ipunguzwe kwa maelekezo.

Mtu atakuambia habari za mbegu za upupu. Ni kweli zina levodopa ndani yake. Ila mbegu moja si sawa na nyingine, na ukizichanganya na vidonge hujui umempa kiasi gani, na kipimo chote kinavurugika. Kama ameshazitumia, mwambie daktari bila kuficha.

Hatua ya 9: Siku ya kliniki

Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache na wengi wako Nairobi. Anza na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali kubwa iliyo karibu: Jaramogi pale Kisumu, ambayo wengi bado tunaiita Russia, ile ya Kakamega, ile ya rufaa ya Nakuru ambayo watu huiita PGH, au Moi kule Eldoret. Hakikisha usajili wa mzee katika SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, uko sawa kabla ya kutoka nyumbani. Mwende na mtu anayelala naye nyumba moja, si mtoto wa mjini mwenye pesa tu.

Ukiketi, usianze na "ana Parkinson." Anza na sentensi tatu kutoka daftarini: kilianza hivi, tarehe hii, upande huu, ameanguka mara kadhaa, mara ya kwanza lini, kuelekea wapi, anatumia dawa hizi. Kisha mpe simu yenye video mbili, ya vidole na ya kutembea. Mwambie pia jambo moja unaloliogopa. Rudia video hizo kila baada ya miezi mitatu, maana magonjwa haya hujitambulisha yakitembea, na jina la mwaka wa kwanza hubadilika mara nyingi.

Baba alipopewa jina lake sahihi, daktari aliipunguza levodopa taratibu, na ule usingizi wa mchana na kichefuchefu vikapungua. Mtaalamu wa fiziotherapia alitutengenezea kigari cha kutembelea chenye uzito mbele, kisimpindue nyuma. Uji ulifanywa mzito ili usimpalie. Na kaka yangu alileta kreti tupu ya soda, akaigeuza juu ya meza, akaweka sahani juu yake, usawa wa macho ya mzee. Baba aliitazama sahani muda mrefu. Halafu akachukua kipande cha samaki, moja kwa moja, bila kupapasa.